Kompyuta ya Kona kwa Mama Nassor

Vijana ninaofanya nao kazi hawapendi kukaa kwenye kompyuta yangu. Tunachora mabango ya maduka, kadi za harusi, na nembo za watu wanaofungua biashara Jumatatu na kuifunga Ijumaa, na kuna siku mashine ya mmoja inagoma, ikabidi aombe ya mwenzake. Akikaa kwenye yangu haupiti muda utamsikia: "Mzee, mausi yako ina wazimu." Hawakosei. Ukikisukuma kipanya changu taratibu, mshale unakwenda taratibu, sawasawa na mkono. Ukikisukuma kwa haraka, hata kama ni umbali uleule wa kiganja, mshale unaruka mpaka upande wa pili wa kioo. Ni kama mtoto unayemtuma dukani: ukimwambia kwa upole anakwenda duka la jirani, ukimkaripia anatoka mbio na kupitiliza mpaka mtaa wa pili. Kompyuta nyingi zinatoka kiwandani zikiwa hivyo. Ndani ya mipangilio kuna tiki ndogo inayoruhusu mbio hizo, na watu wa gemu huiondoa kabla hata hawajafuta vumbi, maana mlenga shabaha anataka mkono ukienda kiasi fulani, na shabaha iende kiasi hichohicho, awe ana haraka au hana. Mimi siiondoi. Vijana wamenieleza mara nyingi, kwa ule upole wanaoutumia watu kwa wagonjwa, kwamba ni kubofya mara moja tu na mambo yatakaa sawa. Huwa nawaambia nimeshazoea, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilikuwa Morogoro kufunga bango la duka la mbegu ujumbe ulipoingia kwamba Mama Nassor amefariki. Waislamu hawamcheleweshi maiti, kwa hiyo niliporudi Dar alikuwa ameshazikwa, ikawa imebaki hitma. Ofisini niliaga kwamba nakwenda msibani. Wakaniuliza wa nani, nikasema wa mtu niliyemfahamu zamani, wakaendelea na kazi zao. Nilivaa shati jeupe, nikashuka Mnazi Mmoja, nikaingia Kariakoo kwa miguu. Nyumba ilikuwa bado ipo, imebanwa na maghorofa mawili kama mtu mfupi kwenye foleni, na turubai lilikuwa limefungwa toka kwenye paa lake mpaka ng'ambo ya barabara. Mzee mmoja mwenye kanzu alikuwa anapokea watu na kuwaonyesha pa kukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Hilo ni swali la kawaida msibani, mtu anataka ajue akuketishe wapi. Kabla sijajibu akanisaidia: "Jirani?" Nikasema hapana. "Mtu wa upande wa mumewe, wa Mafia?" Hapana. "Sasa?"

"Nilikuwa nacheza gemu kwake."

Akazitazama mvi zangu, akautazama na mkanda wa suruali yangu ulivyobana tumbo. "Gemu," akasema. Nikasema ndiyo. "Haya, kaa huko na wageni." Nikakaa na wageni, kwenye jamvi la karibu na mtaro, nikimsikiliza ndani ya kichwa changu yule mzee akiniuliza tena na tena mimi ni nani kwa marehemu. Lilikuwa swali la zamani kuliko alivyodhani. Nilikuwa nimekwisha kujiuliza mwenyewe, mwaka mzima, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, ndani ya nyumba hiyohiyo.

Mwaka ule nilikuwa nauza vifaa vya umeme kwenye duka la mtu, na nilikuwa na chumba upande wa Msimbazi. Siku nzima nazungumza. Bei gani, shika hii, waya wa mita ngapi, hii ni orijino kaka, hatuna kubwa kuliko hiyo. Kariakoo inakusukuma kwa mabega ya watu mia kabla hujafika mwisho wa mtaa, na katika hao wote hakuna aliyekuwa akijua jina langu. Bosi aliniita "kijana", wateja waliniita "kaka", na mwenye nyumba alipita mwisho wa mwezi akagonga mlango kwa ufunguo bila kuita chochote. Jioni nilikula chipsi kwa kusimama, nikarudi chumbani. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta, kalenda ya kampuni ya saruji iliyoachwa na mpangaji aliyenitangulia, na ukuta wa mbao upande mmoja uliopitisha kila neno la majirani zangu, mume na mke. Nilijua wamekula nini. Nilijua mke hataki shemeji yake aje kukaa, na mume anajifanya hajasikia. Walipotaniana nilicheka, peke yangu, kitandani. Siku moja mume akauliza, "Hivi leo Jumatano au Alhamisi?" na kabla sijajizuia nikajibu kwa sauti, "Alhamisi." Tangu siku ile walizungumza kwa kunong'ona, na mimi nikapoteza hata hao.

Ndipo Jumapili moja mchana, maduka yamefungwa na mtaa umebaki na maboksi matupu na paka, nikasikia milio ya risasi na watu wakicheka ndani ya nyumba moja ya Kiswahili. Nikachungulia. Chumba cha mbele kilikuwa kimepangwa kompyuta kuzunguka kuta, zile za vioo vyenye kisogo kikubwa, kila moja na kitambaa cha kufuma juu yake kama vile ni redio ya sebuleni. Zilikuwa zimeunganishwa kwa waya ili watu wapigane wao kwa wao, timu mbili, vita ya kuviziana kwenye majengo ya kwenye kioo. Karibu na pazia la kuingilia uani alikaa mama wa makamo, kanga mabegani, ungo mapajani, anachambua mchele huku vijana wanauana kushoto na kulia. Ndiye aliyepokea hela ya kucheza. Nikamwamkia, akaitika bila kuinua macho, akanionyesha kwa kidevu kona ya mwisho. Ilikuwa kompyuta pekee isiyo na mtu. Nilipokaa vijana wakatazamana wakicheka. Mmoja wao, Deo, kijana wa Kichaga aliyefanya kazi duka la spea la mjomba wake, ndiye aliyenionea huruma. "Hiyo ya kona ina mausi kichaa, mshikaji," akasema. "Usiseme hukuambiwa."

Nikachinjwa siku ile mpaka nikaona aibu kulipa. Kila nikigeuka kwa mshtuko, shabaha ilipitiliza, nikajikuta natazama ukuta huku adui yuko mgongoni. Lakini nilirudi kesho yake, na keshokutwa, kwa sababu pale palikuwa na watu, na kwa sababu kona ilikuwa yangu, hakuna aliyeitaka. Taratibu mkono ukaanza kuelewana na ule wazimu. Nikajifunza kwamba ukitaka kulenga mtu wa mbali unakibembeleza kipanya, na ukitaka kugeuka nyuma unakipiga kofi dogo la ghafla, na dunia yote inazunguka kwa kifundo cha mkono tu, wakati wenzangu wanaburuza kiwiko kizima. Haukupita muda wale walionicheka wakaanza kupaza sauti, "Nani amenipiga tena? Kona?" Hilo likawa jina langu. Kona. Halikuwa jina zuri, lakini lilikuwa langu na liliitwa na watu watano sita kwa siku moja.

Mama yule kila mtu alimwita Mama Nassor. Nassor mwenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Tuliambiwa kwamba ni mwanawe wa pekee, kwamba ndiye aliyezifunga zile mashine kwa mkono wake, kisha akapata safari ya kwenda kufanya kazi Maskati, akaondoka kabla chumba hakijapata wateja. Mama akabaki na nyumba, na waya, na vijana wa watu. Nyakati za chakula pazia lilifunuliwa na harufu ya nazi ikaingia mpaka kwenye majengo yetu ya vita, naye angesema kwa wote, "Karibuni chakula," na sote tungejibu kama tulivyofundishwa, "Asante mama, tumeshakula." Wengine walikuwa wamekula kweli, walikuwa na mama zao. Mimi nilisema kwa sababu za adabu tu, na tumbo langu likisema mengine. Siku ya kwanza alinitazama. Siku nyingine akanitazama zaidi. Halafu ikaja siku umeme ulikatika, vijana wakatawanyika, nikabaki mimi nimekaa mbele ya kioo cheusi kwa kuwa sikuwa na haraka ya kurudi kwenye kalenda ya saruji. Akaja na sahani, akasimama nyuma yangu.

"Wewe kijana, jina lako nani?"

"Benedikto, mama."

"Bene. Nimekutazama siku nyingi. Unavyogeuka ukisikia kishindo, huo mkono wako... wallahi ni Nassor mtupu. Na hiyo ndiyo kompyuta yake, hapo ndipo alipokuwa akikaa. Alivyoiacha ndivyo ilivyo."

Nikasema sikujua, nikataka kusimama.

"Kaa. Nani kakwambia uondoke? Ule. Na usiniambie umeshakula, maana Nassor hakuwa na maneno hayo."

Ulikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mchicha uliokatwa mwembamba kama nyuzi. Nikala nikiwa nimeupa ukuta uso, kwa sababu uso wangu wakati ule ulikuwa hautazamiki. Tangu nifike mji ule nilikuwa sijakula chakula cha sahani ambacho sikukinunua.

Tangu hapo sahani ikawa inakuja. Hakuniuliza tena, aliiweka tu juu ya meza ya kona, karibu na kipanya, na vijana wakawa wananitania kwamba nimeolewa. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu naye uani, mimi Mkristo ambaye sikufunga hata siku moja, mihogo ya nazi na kaimati na uji wa pilipili manga, naye akinisimulia Nassor alipokuwa mdogo alivyomeza kifungo, Nassor alivyotengeneza redio ya jirani ikaishia kushika stesheni moja tu. Nilimjua Nassor kuliko nilivyomjua mtu yeyote Dar es Salaam. Nilifurahi, sisemi sikufurahi. Lakini kila tonge nililomeza nililimeza nikijua ni la nani. Sahani ilikuwa mezani kwangu, anwani yake ilikuwa Maskati. Alinipenda mkono, basi, kwa kuwa ulimkumbusha mkono mwingine, na mkono wenyewe ulifundishwa na kipanya alichokiacha mwanawe. Kijana mwingine akija na kukaa pale kwenye kona, naye akazoea ule wazimu, naye angegeuka kama Nassor na sahani ingemfuata. Nililifikiria jambo hilo nikitembea kurudi Msimbazi na tumbo limeshiba, na nilijisikia mpweke kuliko nilivyokuwa na njaa.

Jioni, kabla ya Isha, Nassor alikuwa akipiga simu. Mama yake aliongea naye nyuma ya pazia, kwa sauti ya juu ya watu wanaoamini kwamba Maskati ni mbali na lazima upige kelele. Hatukukusudia kusikiliza, lakini tulisikia. Mvua imenyesha. Paa la jikoni limevuja. Ndiyo, anakula. Jioni moja nikasikia kitu kilichonibaki: "Hapana, usinifanyie hivyo Nassor. Muache hivyo hivyo. Akijua ataacha kula." Nikadhani kuna ndugu yao mgonjwa, mtu ambaye wamemficha ugonjwa wake mwenyewe, kama watu wanavyoficha. Nikamwonea huruma mtu huyo, nikaendelea kucheza.

Kisha yakaja mashindano. Yalikuwa yafanyike kwenye ukumbi mmoja mjini, upande wa Posta, timu za watu watano, na washindi wangepelekwa Nairobi kupambana na Wakenya. Deo akakusanya timu. Alinifuata dukani, akasimama mbele ya bosi wangu, akauliza, "Bene yupo?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuja mahali popote katika mji ule akauliza kama nipo. Nairobi haikunishughulisha. Nilitaka kuwa mmoja wa watano.

"Ila kuna ishu moja," Deo akasema tulipokuwa tunakunywa juisi ya miwa kwenye kona ya soko. "Mashine za kule zote zimetolewa tiki. Na hawaruhusu mtu kugusa mipangilio. Ukienda na huo mkono wa kona utakuwa unapiga ukuta, mwanangu. Hebu toa hiyo tiki leo, una wiki za kutosha, mkono utanyooka."

Ilikuwa hoja isiyo na kasoro. Siku ile akaniachia kompyuta yake, ya pili toka mlangoni, nijaribu. Nilikuwa kama mtu aliyevalishwa mkono wa mwingine. Nilipiga lile kofi dogo la kugeukia, na shabaha ikafika nusu ya njia ikasimama, kama punda. Nikarudia, nikarudia. Nikiwa katika hali hiyo Mama Nassor akatoka na sahani. Hakutazama nimekaa wapi. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kona, akaiweka mezani, akarudi zake jikoni. Nikaiona pale mbele ya kiti kitupu, mvuke unatoka, halafu mvuke ukaacha kutoka. Nikamwambia Deo nimechoka, nikarudi kwenye kona yangu, nikala chakula kimepoa.

Siku iliyofuata nikajaribu njia ya pili. Nikafungua mipangilio ya ile kompyuta ya kona, nikapeleka mshale mpaka kwenye ile tiki. Nikasikia mchakacho wa kanga nyuma yangu.

"Unafanya nini, Bene?"

Nikamweleza kama nilivyoweza. Kwamba kuna kitu kidogo hapa Nassor alikiacha, kinafanya kipanya kikimbie, na Deo anataka nikiondoe kwa ajili ya mashindano. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Toa basi," akasema. "Mkono ni wako."

Lakini alisema akitazama pembeni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali kitu kichukuliwe. Nikaona kwamba namwomba anifungulie kaburi. Kitu pekee cha mwanawe kilichobaki katika nyumba ile kikiwa bado kinatembea kilikuwa ni kile, ule mruko wa mshale, na mimi ndiye niliyekuwa nakula kwa ajili yake. Nikafunga mipangilio bila kugusa. Nikasema, "Acha tu, mama, nitazoea hukohuko." Nilimwona anashusha pumzi.

Sikuzoea hukohuko. Tulitolewa mechi ya kwanza. Ukumbi ulikuwa na viyoyozi na vipanya vipya, na kila nilipogeuka nilifika nusu, na kila nilipofika nusu nilikuwa nimekufa. Wenzangu walipigana vizuri, wanne dhidi ya watano. Tulipotoka nje kwenye jua Deo hakunitukana. Aliuliza tu, "Uliitoa ile tiki?" Nikasema sikuitoa. "Kwa nini, sasa?" Nilifikiria kumweleza. Unamwelezaje kijana wa watu kwamba umeacha safari ya Nairobi kwa sababu ya samaki wa kupaka? Nikainama kufunga kamba ya kiatu, na yeye akaelewa kwamba sikuwajali. Wakaenda zao kwa pamoja kuelekea Kariakoo. Mimi nikashuka mpaka Kivukoni, nikanunua ngisi wa kukaanga pale Feri, nikala nikiwatazama wanadi samaki wakipigiana kelele juu ya fungu la vibua. Kila mnada ulipomalizika walicheka na kupigana mabega. Nilitamani kununua vibua, na sikuwa hata na jiko.

Nilipofika nyumbani kwa Mama Nassor alikuwa ameshasikia. "Mmeshinda?" akauliza hivyohivyo, kwa heshima. Nikasema hatukushinda. "Basi njoo ule," akasema.

Timu haikurudi. Palikuwa pamefunguliwa chumba kingine chenye kompyuta bapa mtaa wa tatu, na vijana walihamia huko mmoja mmoja, kila mmoja akiaga kwa kusema yuko bize. Miezi ya mwisho ya mwaka ule tulibaki wawili, mimi kwenye kona nikipigana na maadui wa kompyuta yenyewe, na yeye kwenye kiti chake na ungo wake. Hatukuzungumza sana. Wakati mwingine nilisikia kwamba ameacha kuchambua, nikajua ananitazama mkono. Nikajitahidi kugeuka vizuri. Kisha bosi wangu akafungua duka Morogoro na kunipeleka huko, na nilipokwenda kumuaga Mama Nassor alinifungia chapati kwenye gazeti na kuniambia nisilale na njaa kwenye mji wa watu. Nilirudi Dar baada ya miaka, nikawa napita siku za Idi, nakaa kwenye viti vya wageni, nakunywa soda, nauliza habari za Nassor. Sikuwahi kujiona nina haki ya kupita lile pazia la uani bila kuitwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale kwenye jamvi la karibu na mtaro. Dua ilipomalizika, na kabla chakula hakijatoka, mtu mnene mwenye ndevu zenye mvi alipita akitazama nyuso, akasimama juu yangu.

"Wewe ndiye Bene wa kona?"

Nikasimama. Nikampa pole. Alikuwa Nassor, na hatukufanana kwa chochote. Akanishika mkono, akaniingiza ndani, kwenye kile chumba cha mbele. Sasa kilikuwa stoo. Magunia, ndoo, godoro limesimamishwa ukutani, na kwenye kona, kisogo chake kikubwa kikiwa na kitambaa cha kufuma juu, ile kompyuta.

"Hakutaka itupwe," Nassor akasema. "Nilimwambia haiwaki hiyo, mama. Akasema ni ya Bene."

"Ni yako," nikamwambia. "Alikuwa akinihadithia. Hapo ndipo ulipokuwa ukikaa."

Akacheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyelia siku tatu. "Bene, mimi sijawahi kucheza gemu. Nilikuwa fundi tu. Nawasha, naangalia inafanya kazi, nazima. Zile zote nilizitoa tiki, maana niliambiwa wachezaji hawaitaki. Hiyo ya kona ilikuwa ya mwisho. Tiketi ikaja sijaifikia."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama yake alisema nageuka kama yeye.

"Aliniambia hivyo kwenye simu. Akasema kuna kijana hapa, kila siku anasema ameshakula, na macho yake hayajala. Akaniambia, 'Nimemwambia anageuka kama wewe, ndiyo akala, basi siku mkionana usije ukaniumbua.'" Akaketi juu ya gunia. "Halafu kabla ya mambo yenu ya mashindano nikamwambia mama, mwambie kijana aitoe ile tiki, itamharibia mkono, mimi niliisahau tu. Akanijia juu. Akasema, 'Nikimwambia huo mkono si wako atajua nilimdanganya, na akijua ataacha kula.'"

Nilishika ile meza. Mtu ambaye nilimwonea huruma nyuma ya pazia, yule mgonjwa asiyejua ugonjwa wake, alikuwa mimi. Na siku ile niliposhikilia mshale juu ya tiki, mimi nikiogopa kumnyang'anya mwanawe, yeye alikuwa anaogopa kunipoteza mimi. Alipotazama pembeni, alikuwa ananitazama mimi. Nililia, na sikuona haya, nilikuwa msibani.

"Nikuambie na jingine," Nassor akasema, bila kunitazama. "Kule tulikuwa wanane chumba kimoja, hakuna anayekujua. Nikipiga simu nisikie habari za nyumbani, habari zote ni zako. Bene kala hivi, Bene hakuja leo, sijui anaumwa. Nilikuwa nakuchukia, wallahi." Akanipigapiga begani. "Sasa umebaki wewe tu unayejua alivyokuwa miaka ile. Mimi sikuwepo."

Nje tulisikia masinia yakiwekwa chini. Nassor akainuka, akachukua birika na beseni vilivyokuwa mlangoni, na taulo, akanikabidhi mimi. Kwenye hitma wageni hukaa wakingojea, na watu wa nyumba ndio wanaopita na maji. "Wanawishe watu," akasema, "mimi nishughulike na pilau." Akatoka kabla sijamjibu.

Nikaanzia jamvi la karibu na mtaro, pale nilipokuwa nimekaa. Mtu ananyoosha mikono, namimina, anasugua, namimina tena, nampa taulo. Nilipofika kwa yule mzee mwenye kanzu, alinyoosha mikono yake, kisha akaniangalia usoni.

"Si wewe uliyesema ulikuwa ukicheza gemu?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mbona uko na birika?"

"Mimi ni wa humu ndani."

Akanitazama kidogo, akakung'uta maji vidoleni. "Kumbe," akasema. "Pole basi, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na mama."

Ilikuwa pole ya kwanza kupewa tangu ule ujumbe uingie. Nikamjibu, "Nimeshapoa, mzee," kama wanavyojibu waliofiwa, nikasogea kwa anayefuata.